Mguu Mmoja na Ukuta: Jinsi ya Kuizoea Mikao ya Mizani Kwenye Darasa la Yoga

Miezi yangu ya kwanza ya yoga nilikuwa hodari wa kila kitu kinachofanywa kwa miguu miwili. Mwalimu akishasema tu "hamishia uzito mguu wa kulia," nageuka kioja. Mkao wa Mti, ambao watoto wa chekechea wanaufanya huku wakicheka, ulinishinda kabisa. Sekunde nne, tano, kifundo cha mguu kinaanza kutetemeka, mikono inapunga kama ya mtu anayefukuza nyuki, na mguu huo chini. Halafu nanyanyua tena kwa hasira, na hasira haijawahi kumsimamisha mtu.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu wa mkeka, mama mmoja mstaafu. Ikifika mikao ya mguu mmoja alikuwa akisogea taratibu hadi ukutani, anaugusa kwa vidole viwili, anatulia tuli. Siku moja baada ya darasa nikamwamkia, nikamwomba siri yake.

"Marahaba, mwanangu. Siri gani tena? Ukuta upo na hautozi nauli. Wewe unajikomoa nini pale katikati ya ukumbi?"

Haya ninayoyaandika ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mapema.

Kwanza ujue ni nini kinachokushikilia

Mwili unasimama kwa kusikiliza watu watatu kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni macho, yanayouambia ubongo wima uko wapi. Wa pili yumo ndani kabisa ya sikio: kila sikio lina vijifereji vitatu vyenye majimaji, na kichwa kikigeuka au kikiinama majimaji hayo yanasogea na kutoa taarifa. Wa tatu ni hisia zinazotoka kwenye nyayo, vifundo, misuli na viungo, zinazoeleza kila sehemu ya mwili iko wapi bila wewe kuiangalia. Ubongo unakusanya taarifa hizo na kutuma amri ndogo ndogo kwa misuli: kaza hapa, legeza pale.

Jaribu leo ukiwa karibu na ukuta au sinki. Simama kwa mguu mmoja, macho wazi, hesabu hadi kumi. Sasa fumba macho. Karibu kila mtu anayumba hapo hapo. Miguu ni ile ile na nguvu ni zile zile, ila shahidi mmoja ameondoka.

Kwa hiyo kule kutetemeka kwa kifundo kunakokuaibisha ni hizo amri zikitekelezwa. Mwangalie mwalimu wako kwa karibu, usimwangalie usoni, angalia mguu wake uliobaki chini. Mishipa inacheza na vidole vinakandamiza na kuachia. Naye anayumba, ila anajirekebisha mapema kabla yumbo halijakua. Hilo ndilo tunalofanyia mazoezi.

Hatua ya 1: Mkeka, miguu, na yale mafuta

Mambo haya ni madogo, lakini mimi yalinigharimu wiki kadhaa.

Mkeka mnene na laini ni mtamu ukilala, ni mbaya ukisimama kwa mguu mmoja. Unyayo unazama, kifundo kinatafuta sakafu hakiipati. Mkeka wa milimita 4 hadi 6 unatosha. Kama wako ni ule mnene wa kama sentimita moja au zaidi, ikifika mikao ya mizani toka nje yake, simama kwenye sakafu kavu.

Soksi vua. Na kwa sisi wa pwani: usijipake mafuta ya nazi au losheni miguuni kabla ya darasa. Nilikuwa natoka kuoga, najipaka vizuri kama nilivyolelewa, kisha nashangaa kwa nini unyayo unateleza pajani kwenye Mkao wa Mti. Suruali ya kubana yenye kitambaa cha kuteleza nayo ni adui. Mwezi wa pili, Dar ikiwa kama chungu kilichofunikwa, weka taulo dogo pembeni ufute unyayo na mkeka kabla ya kunyanyua mguu.

Jambo jingine ni tumbo na usingizi. Nikiwa nimefunga, mizani yangu alasiri ni mbovu kuliko ya asubuhi, na siku niliyolala vibaya ni vivyo hivyo. Siku kama hizo naenda moja kwa moja ukutani, sijiulizi mara mbili.

Hatua ya 2: Jenga unyayo kabla hujanyanyua chochote

Unyayo una nguzo tatu: shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo, na kisigino. Fikiria mafiga matatu. Chungu kikiegemea mawili, uji unamwagika. Anayeyumba sana mara nyingi ameegemea ukingo wa nje wa unyayo, na shina la kidole gumba limeachia sakafu.

Fanya hivi. Simama kwa miguu yote miwili. Nyanyua vidole vyote vya miguu, vitanue, kisha virudishe kimoja kimoja vikiwa vimetanuka. Usivikunje kama makucha ya kuku, kwani vikikunjwa vinachoka na kukakamaa baada ya nusu dakika. Sikia uzito ukigawanyika kwenye yale mafiga matatu. Hapo ndipo uko tayari.

Hatua ya 3: Hama kwanza, nyanyua baadaye

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapoharibu.

Ukiwa na miguu miwili chini, uzito wako unaangukia baina ya nyayo. Ukibaki na mmoja, uzito lazima uwe juu ya huo mmoja, la sivyo utaangukia upande wa mguu ulioinuka. Sote tunakubali hilo kwa maneno, kisha tunanyanyua mguu tukiwa bado tuko katikati na kutegemea muujiza. Sogeza kiuno chako chote, polepole, hadi kiwe juu ya mguu utakaobaki. Kipimo chake ni hiki: mguu wa pili uwe mwepesi kiasi kwamba unaweza kunyanyua kidole gumba chake, kisha kisigino, bila mwili kushtuka. Ukihitaji kuunyakua mguu ghafla ili uinuke, hujahama.

Sasa nyonga. Weka kiganja ubavuni, chini kidogo ya mfupa wa kiuno, usimame kwa mguu wa upande huo. Utahisi msuli unakaza chini ya kiganja. Kazi yake ni kuzuia kiuno kisidondoke upande wa pili. Msuli huo ukiwa dhaifu au umelala, nyonga inachomoza nje, na unasimama kama mama aliyembeba mtoto ubavuni. Msimamo huo ni mzuri kwa mtoto, ila kwa mizani ni hasara: uko kwenye ukingo, na kitu kidogo tu kitakuvusha. Ivute nyonga ndani kuelekea katikati ya mwili, kana kwamba unaisukuma kwa kiganja, na urefushe kiuno juu.

Goti la mguu unaosimamia lisifungwe kwa nyuma. Likunje kidogo sana, kiasi ambacho mtu wa pembeni haoni. Goti lililofungwa halirekebishi chochote.

Hatua ya 4: Macho

Mwalimu atakwambia utafute nukta ya kutazama. Katika yoga inaitwa drishti. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani hahitaji kufundishwa hili: macho mbele, shingo ndefu, huangalii miguu yako. Chagua kitu kisichosogea, usawa wa macho au chini kidogo, mita mbili tatu mbele. Msumari ukutani, soketi ya umeme, ufa. Usichague mgongo wa mtu aliye mbele yako, maana naye anayumba, na akianguka mnaenda wote. Usichague pangaboi.

Mkao ukikutaka utazame juu, hiyo ni ngazi ya mwisho, iache mpaka yote mengine yatulie. Kichwa kikiinuka, taarifa za sikio la ndani zinabadilika na macho yanapoteza alama za wima kwa pamoja.

Na pumua. Ukibana pumzi, mwili wote unakuwa mti mkavu. Mimi nilikuwa sijui kama nabana hadi mwalimu aliponiambia nihesabu pumzi badala ya sekunde. Pumzi tano zikitimia, mguu chini.

Hatua ya 5: Ukuta, kwa ngazi

Ukutani pia kuna namna ya kusimama. Ukiulalia kila siku, mguu hautajifunza. Panda hivi:

1. Kiganja kizima ukutani, ukiwa ubavu kwa ukuta, mkono umekunjika kidogo. Kaa hapa hadi uweze pumzi tano bila kusukuma ukuta.
2. Vidole viwili, kwa wepesi wa mtu anayegusa chuma asichojua kama ni cha moto.
3. Kidole kimoja, ambacho unakiondoa kwa pumzi moja na kukirudisha.
4. Mkono karibu na ukuta bila kuugusa.

Inashangaza jinsi kidole kimoja kinavyosaidia. Hakibebi uzito wowote wa maana, ila kinauongezea ubongo shahidi wa nne. Ukiwa ngazi ya pili na mwalimu mgeni akakwambia uachie, mwambie kwa adabu kwamba bado.

Anayeona ukuta ni aibu awaangalie wachungaji wa jamii za Kiniloti wanavyopumzika machungani: mguu mmoja chini, unyayo wa pili umeegemezwa gotini, muda mrefu, bila jasho. Lakini angalia mkononi. Ana fimbo. Na usijilinganishe na heroe (flamingo) wa ziwa Natron au Nakuru, maana wale wana hila yao. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata mzoga wa heroe unaweza kukaa imara kwa mguu mmoja, kwa sababu viungo vyake hutulia kwa uzito wenyewe bila misuli kuhangaika. Wewe huna viungo hivyo.

Mikao yenyewe

*Mti (Vrikshasana).* Anza na kisigino kwenye kifundo cha mguu wa pili, vidole vikiwa bado vimegusa sakafu. Huo tayari ni Mti. Ukitulia, panda hadi kwenye chafu (shavu la mguu). Ukitulia tena, vuta unyayo kwa mkono hadi juu ndani ya paja. Gotini ruka, hata kama mchungaji anaweka hapo: goti limeumbwa kukunja na kunyoosha, halipendi kusukumwa ubavuni. Siri ya Mti ni msukumano: unyayo unasukuma paja, na paja linasukuma unyayo kwa nguvu ile ile. Unyayo ukisukuma peke yake, nyonga inachomoza na umerudi Hatua ya 3. Mikono iwe kifuani. Kuinyanyua juu kunapandisha uzito, kwa hiyo subiri.

Mkao huu una umri wake. Kwenye mwamba uliochongwa karne ya 7 huko Mamallapuram, kusini mwa India, kuna mtawa amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu. Chini yake wachongaji wakaweka paka aliyeinua mikono kwa uchaji ule ule, na panya wamemzunguka. Kila darasa nimewahi kwenda lina huyo paka.

*Tai (Garudasana).* Ni mwepesi kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unakaa chini na miguu imebanana. Kunja goti zaidi ya unavyodhani. Kama mguu wa juu haufiki kujisokota nyuma ya chafu, acha ncha ya kidole iguse sakafu kando ya mguu wa pili, kama stendi ya baiskeli.

*Shujaa wa Tatu.* Huu ndio unaonitesa hadi leo. Mwili unalala sambamba na sakafu na mguu mmoja nyuma. Shika mgongo wa kiti, rudi nyuma hadi mikono inyooke, kisha nyanyua mguu mmoja. Kosa la kawaida ni nyonga ya mguu ulioinuka kufunguka juu kama mlango, na mwili unajipinda kuifuata. Elekeza vidole vya mguu huo chini sakafuni, nyonga itajifunga yenyewe. Sukuma kwa kisigino kana kwamba kuna mlango nyuma yako. Bora mguu uwe chini ya kiuno na nyonga ziwe sawa, kuliko mguu uwe juu na mwili umepinda.

*Nusu Mwezi (Ardha Chandrasana).* Usijaribu bila kitu chini ya mkono. Tofali la yoga, kigoda, au vitabu viwili vinene, viwekwe kama sentimita 30 mbele ya unyayo, upande wa kidole kidogo. Ukiwa nyumbani ufanye mgongo ukiwa ukutani. Hapo ndipo nilipouelewa, maana ukuta ulinionyesha kwamba makalio yangu yalikuwa yamebaki nyuma kwa mbali.

*Mcheza Ngoma (Natarajasana).* Kama mkono haufikii mguu bila mgongo kulalamika, pitisha kanga kwenye kifundo na ushike ncha zake. Mkono mwingine ukutani. Piga mguu nyuma kwenye kiganja kwanza, kuinama mbele kutafuata.

*Kunguru (Bakasana).* Huu ni wa mikono, na woga wake uko usoni, kwa maana halisi. Weka mto mbele, pale paji litakapoangukia. Viganja upana wa mabega, vidole vimetanuka, ncha za vidole zinakandamiza. Hizo ndizo breki zako. Panda kwa vidole vya miguu, magoti yakae juu kabisa ya mikono karibu na makwapa. Tazama mbele, si chini. Kichwa kikiinama, mwili unakifuata. Sasa usiruke. Egemea mbele, tena, tena kidogo, hadi vidole vya miguu vyenyewe viwe vyepesi. Nyanyua kimoja, kirudishe, nyanyua cha pili. Wenye maumivu ya vifundo vya mikono waache huu, hawatapungukiwa kitu.

Nyumbani

Darasa mara moja kwa wiki halitoshi. Mizani inakua kwa vipande vidogo vya mara kwa mara. Mimi nasimama mguu mmoja nikipiga mswaki: asubuhi wa kushoto, usiku wa kulia, sinki likiwa karibu. Kwenye foleni ya benki unahama tu uzito bila kunyanyua, hakuna anayejua. Jikoni usifanye, sufuria ya maji ya ugali si rafiki. Ukiongeza zoezi la sekunde 20 hadi 30 kila mguu, mara tatu, siku nne kwa wiki, mabadiliko utayaona ndani ya wiki kadhaa.

Mguu mmoja utakuwa mbovu kuliko mwingine. Karibu kila mtu yuko hivyo. Anza na ule mbovu ukiwa bado hujachoka.

Walio na wazazi wenye umri mkubwa, washirikisheni hili la ukutani. Utafiti wa Brazili uliochapishwa 2022 uliwapima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 kusimama mguu mmoja kwa sekunde 10, na takriban mmoja kati ya watano hakuweza. Ukishajua kwamba kuanguka ni moja ya mambo yanayowavunja wazee nyonga, zoezi la mswaki linakuwa na uzito mwingine.

Ukianguka, na wa kuwa waangalifu

Amua kushuka kabla hujaangushwa. Kunja goti la mguu unaosimamia, mguu wa juu uje chini, pumua, rudi. Usimshike jirani, na ukiyumba usirukie mbali kuokoa mkao; mkao hauna thamani ya kifundo.

Mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara, shinikizo la damu linaloshuka akiinuka ghafla, maradhi ya sikio, mifupa dhaifu, au anayetumia dawa zinazolewesha, azungumze kwanza na daktari, na asitoke ukutani. Mjamzito uzito wake unahama karibu kila wiki, kwa hiyo mizani ya mwezi uliopita si ya mwezi huu. Wote hawa wamwambie mwalimu kabla darasa halijaanza, si katikati.

Na fika dakika kumi mapema. Kwenye darasa letu, tangu yule mama aanze kutuelekeza, nafasi za ukutani ndizo zinazojaa kwanza, na aliyechelewa anabaki katikati ya ukumbi akipunga mikono.